Viluma vya Mpaka wa Baba

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi kwa mama aliyekuzaa, lifunge. Kama huwezi kulifunga, lisome ukiwa peke yako, na lolote utakalosoma lisivuke meno yako. Usimwambie mtu wa kituo cha utafiti wa mimea wala wa kanisani. Usimwambie mtu yeyote wa Tulia, pale kilipo kituo, hata akikuuliza kwa upole. Hasa akikuuliza kwa upole. Mimi ni karani tu, na mama yangu anakula kwa kazi hii.

Jumanne, 2 Juni 1987

Nimerudi kazini baada ya sikukuu. Baridi. Mawingu yamekalia vilima tangu asubuhi. Nimeosha chupa, nimepaka vioo unga mweupe, nimeviacha vikauke dirishani. Vidole vinanuka spiriti hata baada ya sabuni.

Mzee Mutinda amerudi kutoka Tawa, ng'ambo ya mto Athi. Ameleta mifuko kumi ya viluma, mishubiri ya kwetu. Safari hii ni ncha za majani tu, zimefungwa kwa gazeti. Nikamuuliza mbona si majani mazima. Akacheka. "Mwanangu, ule mlima ukiupanda na majani mazima utashuka na maiti ya Mutinda." Nikacheka pia. Yeye ndiye mkusanyaji wa kituo tangu kilipofunguliwa. Alikuwa rafiki wa marehemu baba, na ndiye aliyetuletea habari kwamba hapa wanatafuta karani. Mama humtaja kila anapoomba kabla ya kula.

Nimeandika namba kwenye mifuko. Kesho nakamua utomvu, kila mfuko na chupa yake.

Alhamisi, 4 Juni

Siku nzuri kuliko zote tangu nije hapa. Naiandika polepole ili nisiisahau.

Kazi yenyewe ni hii. Kiluma cha mlimani kina maua mekundu. Cha bondeni kina maua ya manjano. Kuna cha tatu chenye maua ya rangi ya chungwa, na Daktari, mkubwa wa kituo, ametumia miaka akijiuliza kama ni aina yake yenyewe au ni chotara wa hao wawili. Kwa macho haiwezekani kujua. Basi tunauliza utomvu. Unachukua tone dogo kwa bomba la kioo jembamba kama unywele, unalidondosha karibu na ukingo wa chini wa kioo chenye unga, unasimamisha kioo ndani ya chupa yenye dawa. Dawa inapanda na kuuvuta utomvu, na kila kilichomo ndani yake hukwama mahali pake. Ukiwasha taa ya zambarau unaona madoa. Cha mlimani kina madoa yake, cha bondeni kina yake. Chotara hubeba ya pande zote mbili, lakini machotara hawafanani, maana huzaana tena na wazazi wao. Ni kama watoto wa nyumba moja: huyu kachukua pua ya baba, yule masikio ya mama. Madoa yakikaribiana mmea hadi mmea, hiyo ni aina kamili.

Leo mifuko kumi ya Tawa, yote ya kiluma cha chungwa, imetoa mistari kumi, na yote imelingana. Doa kwa doa. Hata upana.

Daktari aliwasha taa, akazima, akawasha tena. Akaniita "mwenzangu". Akasema aina hii itapewa jina na dunia italisoma. Halafu akasema Septemba atanipeleka Nairobi, kwenye maabara kubwa, nifundishwe kazi hii vizuri, nisiwe karani tena.

Nilisoma kemia mpaka Kidato cha Sita. Nilidhani mlango ule umeshafungwa.

Nimeogopa kufurahi sana. Lakini nimefurahi.

Jumatatu, 8 Juni

Profesa mmoja wa mimea anakuja Jumatano kutoka Nairobi kuona vioo. Daktari amenyoa. Mzee Mutinda ameosha Land Rover mpaka imekuwa ngeni. Chini ya viti alitoa mchanga, akaumwaga nyuma ya choo. Mchanga mwingi, kama wa mtoni.

Nimechora madoa yote kwa penseli kabla hayajafifia.

Jumatano, 10 Juni

Niandike tu.

Profesa ni mzee mfupi mwenye sweta iliyotoboka kiwiko. Aliinama juu ya kioo muda mrefu. Sisi watatu tulisimama nyuma yake: Daktari, Mzee Mutinda na mimi.

Akauliza, "Hivi vyote vimetoka wapi?"

Daktari akasema, "Mlima wa Tawa. Mahali kumi tofauti. Unaona ilivyo imara? Ni aina moja."

"Hata aina moja hailingani hivi, Daktari. Mimi na ndugu yangu tumetoka tumbo moja na bado kipara hiki ni changu peke yangu." Akanyoosha mgongo. "Huu ni mmea mmoja. Na mmea mmoja hausimami mahali kumi. Kuna mtu amechovya chupa moja mara kumi."

Hakuniangalia. Sidhani hata alijua ni mimi ninayechovya. Lakini Daktari aliniangalia.

Mimi nilichovya chupa kumi. Nilibadilisha bomba kila mara. Nakumbuka hata chupa ya nne ilikuwa na ufa.

Mzee Mutinda aliangalia viatu vyake.

Alhamisi, 11 Juni

Nimeitwa ofisini. Daktari hakunikaribisha kiti. Akauliza kama siku ile nilikuwa nimechoka, kama nilikuwa na haraka, kama kuna kijana ananisumbua akili. Nikasema hapana kwa yote. Akasema kama sikuchovya chupa moja, basi nimwambie yeye mmea mmoja ulifikaje kwenye mifuko kumi.

Akamwita Mzee Mutinda. Nikashukuru Mungu kimoyomoyo. Nikajua sasa nimepata mtu wa kunitetea.

Mzee Mutinda alivua kofia. Akasema yeye aliupanda mlima, mahali kumi, na magoti yake ni shahidi. Halafu akaniangalia kwa huruma. "Daktari, huyu ni mtoto. Mtoto huchoka. Mimi namwona kama wangu, tumsamehe."

Tumsamehe.

Mtu akikushtaki kwa hasira unaweza kujibu. Akikushtaki kwa huruma, utajibu nini?

Daktari ana wiki mbili za kumwandikia Profesa jibu. Akiandika kwamba karani alidanganya, nitafukuzwa kwa udanganyifu, na hakuna ofisi ya serikali itakayonipokea tena. Wala shule. Wala kanisa, kusema kweli.

Ijumaa, 12 Juni

Saa ya chakula tulikutana kwa maombi kama kila Ijumaa. Mzee Mutinda ndiye kiongozi. Akaomba mvua, akaomba wagonjwa. Halafu akaomba "kwa ajili ya dada yetu mdogo aliyejaribiwa na shetani katika kazi ya mikono yake."

Wote walijua ni nani. Mpishi alinishika bega. Alinishika kwa upendo, na nilitamani kumuuma mkono.

Nilisema amina pamoja nao. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Nilisema amina.

Jumamosi, 13 Juni. Kanyangi

Nimekuja nyumbani. Sikumwambia mama kitu. Nimesema nimepata mapumziko.

Sasa niandike kilichotokea, kwa utaratibu, maana kichwa kinazunguka.

Nilikuwa jikoni nachambua pojo. Mama anakoroga muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, anazungumza kama kawaida yake, jirani huyu, mbuzi yule. Kisha akasema, "Lakini nyinyi watu wa kituo mna mambo. Huko kwenu hakuna viluma mpaka mje kunyoa vya marehemu?"

Nikauliza viluma gani.

"Si uliwatuma wewe? Mzee Mutinda alikuja na gari, kabla ya sikukuu. Akasema, Mwende amenituma nimchukulie viluma vya masomo. Akapita mpaka mzima akikata ncha. Hiki kidogo, kile kidogo, kama kinyozi. Nikampa uji. Akasifu sana uji."

Nikaweka ungo wa pojo chini.

Mama akaendelea. Jirani alikuja jioni ile akiwa mkali, akauliza kama tumeuza mpaka. Maana kwetu mmea wa mpaka hauguswi kwa kisu. Ukiukata umemtukana aliyeupanda. Mama akamwambia ni kazi ya serikali na ni mtoto wake aliyetuma. Jirani akarudi kwake. "Nilisema kwa maringo," mama akasema, "Mungu anisamehe."

Nikatoka nje, nikaenda mpakani.

Baba aliupanda mpaka huu mwaka alipogawiwa shamba. Aliomba kiluma kimoja tu kwa babu, chenye maua ya chungwa. Hicho cha kwetu hakizai mbegu. Huzaa watoto chini, ubavuni. Kila msimu baba aling'oa watoto akawapanda kwa mstari, mpaka mstari ukafika korongoni. Alifuata desturi ya babu: mpaka wote uwe wa mama mmoja. Mtu akihamisha mpaka usiku na kupanda kiluma cha kwake, maua yatamtaja.

Nilikuwa nikimshikia kapu baba akipanda. Nimeujua mpaka huu kabla sijajua kusoma.

Nimetembea mstari wote. Kila kiluma kina jani moja au mawili yaliyokatwa ncha. Vidonda vimekauka, vimekuwa vya kahawia, na utomvu umeganda chini yake kama asali iliyoharibika.

Mmea mmoja umesimama mahali kumi. Profesa alisema haiwezekani. Inawezekana. Upo hapa, baba yangu ndiye aliyeusimamisha.

Mzee Mutinda anavijua viluma kwa macho. Aliona mimea mingi kwenye mstari akadhani ni mimea mingi. Hakujua utomvu utamshtaki. Na uliposhtaki, akanipa mimi mashtaka.

Alikunywa uji wa mama.

Jumapili, 14 Juni

Sikwenda kanisani. Nimemwambia mama tumbo linauma.

Nilimuuliza, kama mtu asiye na haja, gari lilikuwa limebeba nini. Akasema mchanga. Watu walikuwa wakipakia mtoni siku mbili mfululizo. "Si Mzee Mutinda anajenga? Alisema mwingine ni wa mkubwa wake." Sikumuuliza zaidi. Labda sikutaka kujua.

Nimekata majani matatu ya mpaka kwa kisu cha mboga. Nilimwomba baba radhi kwanza. Moja karibu na lango, moja katikati, moja korongoni.

Jumatatu, 15 Juni

Nilimngoja Daktari mlangoni. Nikasema, "Daktari, naomba uchovye wewe mwenyewe. Mimi sitagusa kitu. Nitasimama pale dirishani."

Sijui nilipata wapi sauti ile.

Alitaka kukasirika, halafu akavaa koti jeupe. Ncha tatu zilizobaki za mifuko ya Tawa. Majani yangu matatu. Akakamua, akadondosha, akasimamisha kioo. Tulingoja. Dawa ilipanda polepole kama mtu anayesita. Akawasha taa.

Mistari sita. Yote imelingana.

Kisha akanong'ona, "Watoto wa ubavuni." Alielewa mara moja. Ni mtu mwenye akili nyingi, siwezi kumnyima hilo. Akauliza haya majani matatu nimeyatoa wapi.

"Nyumbani kwetu, Daktari. Mpaka wa marehemu baba. Mzee Mutinda alikata huko. Mama alimwona."

"Nyumbani kwenu ni wapi?"

"Kanyangi."

Uso wake ukabadilika. Nilitegemea aseme pole. Akasema, "Nani mwingine umemwambia habari za Kanyangi?"

Nikasema hakuna.

"Vizuri," akasema. "Jumatano tutakwenda Tawa, mimi na wewe."

Nimerudi chumbani nikiwa mwepesi. Lakini lile swali. Mbona aliuliza lile swali?

Jumatano, 17 Juni

Tawa. Daktari aliendesha mwenyewe. Tumevuka Athi maji yakiwa machache. Njia nzima aliniuliza jambo moja tu, kama mama yangu ana afya.

Mlima ni mkali, hilo Mzee Mutinda hakudanganya. Viluma vya chungwa vipo juu, kwenye miamba, vimetapakaa katikati ya vyekundu na vya manjano. Hakuna hata jani moja lililokatwa. Tuliangalia kila mahali.

Mwanamke mmoja alikuwa akichunga mbuzi. Alituona tumeinama, akapaza sauti: "Kuku wenu wanaumwa?" Maana watu hutia kiluma kwenye maji ya kuku. Nikamjibu hatuna kuku. Akasema, "Basi nyinyi ndio mnaumwa." Daktari akacheka, mara ya kwanza tangu Profesa aje. Akamuuliza kama kuna mzee aliyepita hapa na mifuko mwezi uliopita. Akasema hapa hapajapita mtu ila mbuzi wake, na mbuzi hawana mifuko.

Tumekata jani zima kutoka mimea kumi. Nilishika kapu. Nilimkumbuka baba.

Alhamisi, 18 Juni

Daktari alichovya yote peke yake. Mistari kumi, na hakuna miwili iliyolingana. Huyu ana doa la juu la mlimani na hana la chini. Yule ana yote. Mwingine amefanana na wa bondeni kabisa ila kwa doa moja dogo la samawati.

Machotara. Wote.

Kiluma cha chungwa si aina. Hakuna jina jipya. Kazi ya Daktari ya miaka imekufa mezani, na mimi nilisimama pembeni yake nikiwa na furaha, kwa sababu jina langu lilikuwa limefufuka. Niliona aibu kwa furaha hiyo. Lakini furaha ilikuwepo.

Nilisema, "Pole, Daktari." Akasema, "Ndiyo ukweli. Ukweli ni mzuri." Akazima taa.

Nimeamini. Kesho atamwandikia Profesa.

Ijumaa, 19 Juni

Nimesalitiwa. Naliandika neno hili zima ili lisinikimbie.

Niliingia ofisini, nikamkuta Mzee Mutinda ameketi. Kiti changu pia kilikuwa tayari. Chai ilikuwa mezani. Nilipoona chai nilijua.

Daktari ameandika jibu. Linasema kwamba mlima wa Tawa umechunguzwa upya na mimea ni machotara. Hiyo ni kweli. Linasema kwamba vioo vya kwanza viliharibika kwa sababu karani mgeni alichovya chupa moja kwa makosa. Chini yake kuna nafasi ya jina langu. Akasema neno "udanganyifu" hajaliandika, ameandika "makosa". Akasema nitabaki kazini. Akasema Septemba bado ipo, Nairobi bado ipo, ahadi ni ahadi.

Nikasema, "Lakini Daktari, ulichovya wewe mwenyewe. Uliona."

"Niliona."

"Basi kwa nini?"

Alizungusha kikombe. Akasema kwa sauti ndogo kwamba siku zile gari la kituo lilikuwa kwenye shughuli zake binafsi. Ana ploti, anajenga. Alimwambia Mutinda apitishe mchanga kwanza, kisha aende Tawa. "Nilidhani atafika Tawa. Kweli nilidhani." Nikimtaja Mutinda, wataulizwa wote wawili gari lilikuwa wapi.

Kwa hiyo Alhamisi ile, aliponisimamisha mbele ya meza yake na kuniuliza kuhusu vijana, alikuwa akijua gari lililala Kanyangi. Alikuwa akijua yupo mwingine wa kuulizwa. Alinichagua mimi.

Yeye ndiye aliyeniita mwenzangu.

Nikamgeukia Mzee Mutinda. Nikamwita mzee, mpaka wakati ule nilimwita mzee. Nikamuuliza kwa nini kwetu, kati ya viluma vyote vya Kanyangi. Akasema mchanga ulichelewa, siku zikaisha, akakumbuka mpaka wa rafiki yake una viluma vya rangi ile. Akasema alijua kwetu hatakataliwa.

Kisha akanishika mkono. "Mwanangu, wewe ni mche. Ukikatwa leo, kesho unachipua. Mtu mzima akikatwa jina, ndiyo basi. Tusaidie wazee wako."

Mkono wake ulikuwa wa joto. Nimeuosha mara nyingi.

Wamenipa mpaka Jumatatu.

Jumapili, 21 Juni

Nimefikiri kama karani. Nikitia sahihi: mshahara, maabara, Nairobi, kemia. Mama anakula. Kosa moja dogo la mgeni, nani atalikumbuka?

Nisipotia: hakuna kitu.

Nimefikiri hivyo mchana wote na kila mara jibu lilikuwa sahihi. Kisha nikafikiria jirani akija kumuuliza mama kama tumeuza mpaka, na safari hii jibu likiwa ndiyo.

Naogopa. Naogopa sana. Sina ushujaa wowote, aliyesoma haya asidhani hivyo.

Jumatatu, 22 Juni

Nilisema, "Nilichovya chupa kumi." Hayo tu. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, yakapotea.

Daktari alisubiri niendelee. Akasema niende nyumbani nipumzike mpaka nitakapoitwa. Jibu litakwenda bila sahihi yangu, na neno atakaloandika sasa atalichagua yeye.

Mzee Mutinda alikuwa uani akiosha gari. Aliinua mkono kuniaga kama siku zote. Sikuinua wangu.

Alhamisi, 25 Juni. Kanyangi

Nimemwambia mama. Yote. Hakulia. Alimwaga uji uliokuwa kwenye kikombe alichomwekea yule mtu siku ile, kana kwamba uji ulikuwa bado ule ule. Akasema, "Nami nilisema kwa maringo."

Baadaye akasema, "Kiluma kinaweza kusafiri?"

Nikasema kinakaa bila maji mwezi mzima na hakifi.

"Basi kitume."

Ijumaa, 26 Juni

Nimeng'oa watoto wawili wa ubavuni. Mmoja karibu na lango, mmoja korongoni. Nimewafunga kwa gazeti na gunia, nimewapeleka posta kwa Profesa. Niliandika maneno machache tu: kwamba mmea mmoja unaweza kusimama mahali kumi ikiwa mtu aliupanda hivyo, na kwamba aweke utomvu wa hawa kando ya vile vioo vya kwanza. Sikumtaja mtu. Sikutia jina langu. Niliogopa, nikaandika tu jinsi ya kufika.

Karani wa posta alibonyeza gunia akauliza, "Hii ni dawa ya kuku?"

Nikasema ndiyo.

Jumanne, 30 Juni

Hakuna aliyeniita. Asubuhi nimepalilia. Mchana nimepanda watoto pale nilipong'oa wale wawili, ili mstari usiwe na pengo. Jirani alipita, akasimama, akaangalia ninavyopanda. Akasema baba alikuwa akishindilia udongo kwa kisigino, si kwa mkono. Nikashindilia kwa kisigino. Akaenda zake.

Nimeyaangalia tena majani yaliyokatwa. Mzee Mutinda alisema mche ukikatwa unachipua. Kiluma huchipua, ni kweli, kutoka katikati na kutoka ubavuni. Lakini jani lililokatwa ncha halioti ncha tena. Litakaa hivyo hivyo butu mpaka lizeeke.

Kwa hiyo wewe, kama umesoma mpaka hapa na unanitafuta kwa wema, usiulize kituoni. Usiulize Tulia. Njoo Kanyangi siku ya soko, watu wakiwa wengi na mgeni haonekani. Fuata njia inayoshuka mtoni, pale gari lilipochimba mchanga, utaona shimo. Kabla ya korongo, upande wa kulia, kuna mstari wa viluma vyenye majani butu. Usipige hodi wala usiniite kwa jina. Simama tu mpakani, mikono ionekane, bila kisu. Mama atakuona kutoka jikoni, naye ataniita.